Nilikwenda Omani Mwezi wa Sita

Kwenye foleni ya ndege ya Maskati, pale uwanja wa Dar es Salaam, nyuma yangu walijipanga wasichana kama kumi na wawili, kila mmoja na bahasha ya kaki kifuani. Mmoja akaniamkia, "Shikamoo baba," kisha akaniuliza nimepata kazi gani huko. Nikamwambia sijapata kazi, nakwenda kutembea. Akawageukia wenzake: "Eti baba anakwenda kutembea Uarabuni!" Wakacheka, nami nikacheka nao. Ofisa aliyeshika pasi yangu hakucheka. Aliniuliza nani kanialika, nitalala wapi, tiketi ya kurudi iko wapi, halafu akaanza upya kana kwamba sikujibu.

Sikuwalaumu. Kwetu Omani ni mahali pa kutafuta riziki, au jina katika kitabu cha historia. Mimi mwenyewe, mwalimu wa jiografia wa miaka kumi na tisa darasani, nisingeifikiria kama si asali.

Nafuga nyuki Tabora. Mwaka 2019 alikuja mzee mmoja kununua asali, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, Mwarabu mtupu ukimtazama, akanisalimu "Wangaluka". Kinyamwezi safi. Kumbe alizaliwa Nzega, akaondoka kijana miaka ya sabini, na sasa alikuwa amerudi kuzuru makaburi ya wazee wake. Tukawa tunaandikiana. Kila mara alikuwa na neno lile lile: "Mwalimu, njoo uone maji yanavyopita mlimani." Nikaanza kuweka kando fedha ya mizinga. Miaka mitatu ikanipa milioni tatu na laki sita. Nilirudi nimetumia milioni nne na laki saba, na tofauti hiyo yote ni makosa yangu, ndiyo maana nayaeleza.

Kosa la kwanza lilifanyika mezani kwangu. Nilichagua mwezi wa sita, 2024, kwa sababu shule zimefungwa na hoteli za Maskati zilikuwa bei ya kutupa. Sikujiuliza kwa nini ni za kutupa. Mzee aliniandikia, "Njoo wa kumi na mbili, mwezi wa sita ni moto." Nikajisemea mimi ni mtu wa Tabora, jua nalijua. Viza niliomba mtandaoni, na mara ya kwanza ikarudishwa kwa sababu nakala ya pasi ilikatika ukingoni, ile mistari ya chini haikuonekana. Nenda steshenari yenye mashine nzuri, usipige picha kwa simu usiku chini ya taa kama mimi. Na asali usiifunge kwenye dumu la mafuta ya kula. Nilifika Maskati na mashati manne yananata, na nzi wawili wakinisindikiza hadi hotelini.

Jua la Maskati si la Tabora. La kwetu linachoma, lakini ukiingia chini ya mwembe umepona. La kule linakufuata kivulini. Siku ya kwanza nilitoka saa sita mchana kutembea ukingoni mwa bahari pale Matrah, kofia sina, chupa ya maji nusu lita. Baada ya dakika ishirini masikio yakaanza kuvuma. Nikakaa sakafuni mbele ya duka la vitambaa, na muuza duka, Mhindi, akanimwagia maji kichwani bila kuniuliza. Kuanzia siku hiyo nilifuata ratiba ya wenyeji: kutoka alfajiri hadi saa nne, kulala, kutoka tena baada ya alasiri. Hata Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, wenye zulia lililofumwa kwa mkono la tani 21, niliufikia mchana wakati wasio Waislamu wanaruhusiwa asubuhi tu. Mimi Mkristo. Nikageuza, nikarudi kesho yake saa mbili asubuhi, suruali ndefu na mikono imefunikwa, na ilistahili.

Soko la Matrah ni tamu kwa macho na chungu kwa mfuko. Rial moja ni dola mbili na senti sitini hivi, na ubongo wa Mtanzania ukisikia "tano tu" unasikia elfu tano. Nililipa rial tano kwa mfuko wa ubani mwekundu. Siku mbili baadaye, Salalah, ubani wa aina ile ile ulikuwa rial moja.

Sasa Salalah yenyewe. Hapa mwalimu niliumbuka. Iko kusini kabisa, kama kilomita elfu moja kutoka Maskati, na nimeifundisha miaka yote bila kuitaja jina: ni pale pepo za kusi zinapogonga milima ya Dhofar. Kusi ile ile inayorudisha majahazi kutoka pwani yetu. Inasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali, maji baridi yanapanda kutoka chini, hewa yenye unyevu inapoa, na milima inafunikwa ukungu na manyunyu hadi jangwa linakuwa la kijani kama Uluguru. Msimu huo wanauita kharif. Waarabu wa nchi za jirani zenye joto hupanda magari wakaja kulowana kwa furaha. Kharif huanza karibu na tarehe 21 mwezi wa sita. Mimi nilitua tarehe 9.

Milima ilikuwa ya kahawia. Ngamia wanatafuna miiba. Nilisimama juu ya kilima nikiwa na picha ya kijani kwenye simu, nikailinganisha na udongo ulio mbele yangu, nikahisi kama mtu aliyefika harusini wiki mbili kabla. Kama unataka Salalah, nenda kati ya mwezi wa saba na wa nane, lipia malazi mapema kwa sababu bei hupanda, na usimwambie mtu kwamba wewe ni mwalimu wa jiografia.

Lakini sikuondoka mikono mitupu. Kando ya barabara kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai, na muuzaji anakata dafu kwa panga kwa mapigo matatu kama yuko Bagamoyo. Na nilifika Wadi Dawkah, bonde la miti ya ubani lililomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Mti wenyewe hauna umbo la kujivunia: mfupi, umepinda, gome linabambuka kama karatasi iliyoungua. Mtu mmoja pale akanikwangulia kipande cha gome kwa kisu butu. Palepale vikatoka vitone vyeupe, kama utomvu wa papai bichi. Alinionyesha mkwaruzo wa siku nyingi, vitone vimeshakuwa vigumu, akanipa kimoja nitafune. Kwetu ubani ni harufu ya msibani na kanisani. Kumbe unatafunwa, na una ladha ya limau na msonobari. Weupe unaoelekea kijani ndio wa bei, mwekundu ndio wa wageni kama mimi.

Nikarudi Maskati, nikakodi gari dogo, rial 13 kwa siku, dhamana rial 100. Kule wanaendesha kulia na usukani uko kushoto. Barabara ni nzuri kupita kiasi, petroli ilikuwa chini ya robo rial kwa lita, na kamera za mwendo ziko kila mahali. Shida yangu haikuwa barabara kuu, ilikuwa mizunguko. Nilichubua ubavu wa gari kwenye ukingo wa mzunguko mmoja kabla sijafika hata kilomita kumi. Mchubuko huo nilistahili kuulipia. Ila wakati wa kurudisha waliniongezea michubuko mingine mitatu ambayo siijui, na sikuwa na ushahidi wowote. Dhamana yote ikaenda. Ukikodi gari, lizunguke na simu ukirekodi kabla hujawasha injini, hata kama mwenye gari anakuita ndugu.

Wadi Shab iko kwenye njia ya kwenda Sur, mji wa pwani. Unaegesha chini ya daraja la barabara kuu, unavushwa kwa mashua ndogo kwa rial moja, kisha unatembea dakika arobaini hivi katikati ya kuta za miamba, mitende na mifereji pembeni, hadi madimbwi ya maji ya kijani. Kutoka hapo unaogelea. Mwisho wa madimbwi kuna mwanya mwembamba wa jiwe, kichwa tu ndicho kinachopita, na ndani yake pango lenye maporomoko ya maji. Mimi sikuliona. Mtu wa bara, kuogelea kwangu ni kwa mto Igombe, maji ya kiunoni. Niliingia dimbwi la kwanza, la pili likanifika kidevuni, nikateleza juu ya jiwe, na simu iliyokuwa mfukoni ikaenda. Niliiona inazama taratibu, kioo bado kinawaka. Kijana Mwomani alipiga mbizi mara mbili akairudisha. Ilikuwa imekufa, na picha zote za ubani zimo ndani. Vaa viatu vya kufunga vinavyoweza kulowa, simu iweke kwenye mfuko wa plastiki wa kujifunga, na kama huogelei vizuri beba jaketi la kuelea, hakuna atakayekucheka. Jambo zito zaidi yule kijana alinieleza tukiwa tumekaa juu ya mwamba: ukiona mawingu yamekusanyika juu milimani, hata kama uliko jua linawaka, toka bondeni. Maji huja kwa kishindo, na wadi inayobeba gari ni ile uliyoipita asubuhi ikiwa mchanga mtupu.

Sur sikukaa sana. Alfajiri nilikwenda Ras al Jinz na kikundi chenye mwongozaji, tukamkuta kasa mmoja mkubwa anamalizia kufukia mayai yake, anarusha mchanga hadi kwenye viatu vyetu, kisha akajikokota kurudi baharini akipumzika kila hatua tano. Weka nafasi mapema, watu ni wengi. Baada ya hapo nilitembelea karakana ya majahazi. Mafundi niliowakuta ni Wahindi, wanapigilia misumari kwenye mbavu za chombo ambacho mwenyewe anataka cha kutembezea watalii. Karibu na hapo wamehifadhi Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa Sur katika karne iliyopita. Vyombo vya Sur vilishuka na kaskazi hadi Zanzibar na Rufiji kuchukua boriti, vikirudi na kusi. Katika jumba moja nilisoma maelezo marefu kuhusu tende, karafuu, boriti na pembe za ndovu. Nilisoma mara mbili nikitafuta neno watumwa. Mtu wa Tabora hawezi kuacha kulitafuta. Misafara ile ilipita mbele ya nyumba zetu, wengine wakibeba pembe kwa ujira, wengine kwa minyororo. Nilitoka nje na moyo umenuna.

Nikafika Nizwa Alhamisi jioni. Mzee alikuwa amenitumia ujumbe kabla simu haijafa: "Ijumaa saa 1 nitakupitia, tukaone mnada wa mbuzi." Nikawaza, hapa ni Uarabuni, hawahesabu saa kama sisi, atakuwa amesema saa saba mchana. Nikalala. Saa moja kamili asubuhi mlango ukagongwa. "Mwalimu, umeniona mimi nimebadilika kiasi gani?" Alikuwa amekaa Omani miaka karibu hamsini, na saa yake bado ilikuwa ya Nzega.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi ya kuchinja, kwa hiyo soko lilifurika. Wauzaji wanazungusha mbuzi kwenye duara, wanunuzi wamekaa na kusimama pande zote mbili, bei inapigiwa kelele. Anayetaka humshika mbuzi, humfunua midomo akatazama meno, humpapasa kiuno, akamwachia aendelee kuzunguka. Vijana, wazee, akina mama wamevaa barakoa za kitambaa. Saa tatu duara lilikuwa tupu, limebaki na mbolea na kamba iliyokatika. Ukiwa Nizwa Ijumaa, fika mapema. Usisubiri kugongewa mlango.

Kijiji cha mzee kinaitwa Birkat al Mawz. Alinitafsiria akicheka: "Birika la ndizi. Unaona? Nimetoka kwenye ndizi nikaja kwenye ndizi." Na kweli, ni mitende na migomba, na juu yake kwenye mteremko magofu ya nyumba za udongo za zamani. Hapo ndipo inapoanzia barabara ya Jabal Akhdar. Kesho yake nilijaribu kuipanda na gari langu dogo nikarudishwa na polisi kwenye kizuizi: bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hupiti, wala usibembeleze. Nilisikitika kwa dakika tano hadi niliposhuka baadaye ndani ya Land Cruiser ya mpwa wa mzee na kuona miteremko yenyewe. Huko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, nilivaa sweta. Mawaridi yanayopikwa kuwa marashi yalikuwa yameisha tangu mwezi wa tano, na makomamanga yalikuwa mabichi, saizi ya ndimu. Nikachelewa kwa moja na kuwahi kwa jingine. "Komamanga," mzee akasema, "ni koma la Manga. Na Manga ndiyo hapa. Nzega walikuwa wakituita Wamanga. Hapa wanatuita Wazanzibari, mimi Zanzibar nimeiona kwa ndege tu."

Siku ya Idi nilikwenda ngome ya Nizwa, kwa sababu ndivyo ratiba yangu ilivyosema. Imefungwa, mji mzima umefungwa, hata maji ya kunywa nilikosa pa kununua. Angalia kalenda ya Kiislamu kabla hujakata tiketi. Ila kufungiwa huko kulinipa shuwa. Nyama inapakwa viungo, inafungwa kwenye majani ya migomba, inatiwa ndani ya vikapu vya makuti, inashushwa kwenye shimo lenye makaa lililochimbwa ardhini na kufunikwa udongo hadi kesho yake. Walipofukua, wanaume walivuta vikapu kwa ndoana huku moshi unawatoa machozi, na nyama ilikuwa inaachana na mfupa kwa kuitazama tu. Tulikula chini, sinia moja watu saba. Asali yangu, ile iliyobaki kwenye dumu, ikapitishwa na mikate.

Ni pale nilipomweleza mzee kuhusu yale maelezo ya Sur. Nilichagua maneno, yeye hakuchagua. "Mwalimu, mama wa babu yangu alikuwa Mnyamwezi. Unafikiri alikuja nyumbani kwetu kwa posa?" Akaosha mikono. "Hapa utumwa umepigwa marufuku mwaka 1970. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa." Hakuna aliyesema kitu kwa muda, kisha mjukuu wake akaleta kahawa.

Ngome niliiona siku nne baadaye. Mnara wake ni duara moja kubwa, kazi ya Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe ndiye aliyeitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Kwenye ngazi, juu ya kila mlango kuna tundu, na hapo walikuwa wakimwagia maadui asali ya tende inayochemka. Mfuga nyuki alitazama tundu lile kwa muda mrefu.

Usiku wa mwisho kijijini mzee aliniamsha. Maji aliyokuwa akiniandikia miaka yote ni falaj, mfereji unaotoa maji chini ya mlima na kuyaleta kwa mteremko wa ardhi tu, bila pampu. Wa kijijini hapo, Falaj al-Khatmeen, ni mmoja wa mitano iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na nchini bado iko kama elfu tatu inayotumika. Niliwahi kufundisha Marangu, mifongo, ile mifereji ya Wachaga, naijua, kwa hiyo nilidhani sina jipya la kuona. Jipya lilikuwa saa. Kila shamba lina haki yake ya maji, inarithiwa, inauzwa, inakodishwa, na inapimwa kwa athar, nusu saa. Zamani mchana walitazama kivuli cha kijiti, usiku nyota. Zamu ya mzee ilikuwa saa nane usiku.

Tulishuka na tochi katikati ya migomba. Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji wa jiwe, upana wa dhiraa moja, bila sauti. Mzee alitazama saa yake, akasubiri, akatazama tena. "Sasa," akasema. Nikang'oa jiwe lililovikwa gunia kwenye mlango wetu, yeye akaziba mlango wa jirani, na maji yakageuka. Yakalamba vumbi kwanza, udongo ukatoa harufu ya mvua ya kwanza, halafu yakashika mkondo kuelekea mashina ya migomba.

"Athar moja tu, mwalimu. Usilale."

Sikuwa na simu, kwa hiyo alinivulia saa yake akanipa, akaegemea mgomba, akafumba macho. Nilikaa nimeishika chini ya tochi hadi saa nane na nusu, nikarudisha jiwe na gunia lake. Ng'ambo ya ukuta mtu akakohoa. Jirani alikuwa ameshafika, amesimama na jembe lake.